Muthara yaisubiri bahari

MTU akitafuta mahali pa kuzungumzia habari za meli, gati na makasha, Muthara itakuwa ya mwisho kumjia akilini. Soko hili la Tigania Mashariki, katika Kaunti ya Meru, liko bara kabisa, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene. Bandari ya Mombasa iko zaidi ya kilomita 700 kwa barabara kutoka huku, na mtoto aliyezaliwa hapa anaweza kumaliza shule, akaoa na kuzeeka, bila kuionja chumvi ya maji ya bahari.

Hata hivyo, msomaji mpenzi, mpango mkubwa zaidi wa bandari ambao serikali ya Kenya imewahi kuubuni tangu uhuru unapita karibu na mlango wa Muthara. Mpango huo umetajwa katika hotuba za marais, umepandisha bei ya ardhi, umezua magomvi ya mipaka na umewapa vijana ndoto. Kile ambacho haujaleta ni shehena. Ndiyo maana safari ya Muthara ni safari nzuri kwa mtu anayetaka kuelewa jinsi bandari inavyojengwa, na jinsi inavyoweza kujengwa nusu.

NJIA YA KUPANDA

Ukiwa mjini Meru, unashika barabara ya Maua. Matatu zinaondoka zikijaa, na kama hujazoea mwendo wa madereva wa huku ni heri uketi nyuma ukashike dua. Unapita Nchiru, ambako siku hizi kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Nchiru inajulikana zaidi kwa jambo la zamani kuliko chuo: hapa ndipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo mpaka leo Mmeru hathubutu kulifanyia mzaha. Unapita Kianjai na soko lake, kisha unaingia Tigania Mashariki.

Udongo ni mwekundu, na katikati yake yamechomoza mawe meusi, ushahidi kwamba milima hii ilizaliwa kwa moto. Wenyeji wameyakusanya mawe hayo wakayapanga kuwa kuta za mashamba. Ndani ya kuta hizo kuna mahindi, maharagwe, migomba, na ule mti ambao jina lake haliwezi kutenganishwa na Nyambene, yaani mmiraa.

Anayedhani miraa ni zao la wavivu na aje alfajiri aone. Wachumaji hupanda mitini mapema, vitawi huchaguliwa kimoja kimoja, hufungwa vibunda, na vibunda huvikwa majani ya mgomba ili visikauke. Baada ya hapo saa ndiyo adui. Miraa iliyokaa siku mbili tatu haina bei, na ndiyo sababu ya yale magari yanayopaa barabarani kama yanayokimbia moto. Jambo hili tulishike, maana tutalirudia: zao kuu la Muthara halisubiri meli.

Ukisimama mahali palipoinuka na kutazama kusini, unaona vilima vya kijani. Ukigeuka kaskazini, nchi inateremka, kijani kinafifia, na mbele yako inatandazika mbuga ya Isiolo, kavu na pana. Hapo wanakutana mkulima na mfugaji, Mtigania na Mturkana, Mborana na Msomali. Wamekuwa wakibadilishana nafaka na mifugo tangu zamani, na mara nyingine wamebadilishana risasi. Bondeni huko ndiko ramani za bandari zilikochorwa.

WALITOKA BAHARINI

Kabla ya ramani hizo, kuna hadithi moja ambayo mgeni wa Tigania hana budi kuisikia. Waulize wazee walikotoka Wameru. Watakwambia walitoka Mbwaa, nchi iliyokuwa kando ya maji makubwa. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu, waliowatesa na kuwapa amri zisizotekelezeka. Waliamriwa watengeneze kiatu cha ngozi yenye manyoya pande zote mbili. Waliamriwa wafue mkuki wa kufika mbinguni. Mwishowe wakatoroka, wakiongozwa na mtu aitwaye Koomenjwe, wakayavuka maji.

Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, yaani weusi. Waliovuka kukipambazuka wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa limechomoza wakaitwa Njeru, weupe. Koo za Meru zinajipanga kwa rangi hizo hadi leo.

Mbwaa ilikuwa wapi? Wanahistoria wamebishana, na wapo wasiokubali kabisa kwamba Wameru walitoka pwani. Lakini Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyewahoji wazee wa Meru kwa miaka mingi, aliiweka Mbwaa katika Kisiwa cha Manda, Lamu.

Sasa chukua ramani. Bandari mpya ya Lamu imejengwa Kililana, upande wa bara, kwenye Ghuba ya Manda. Ikiwa Fadiman alikisia sawasawa, basi serikali imechimba kina cha meli katika maji yale yale ambayo mababu wa Muthara waliyakimbia. Hadithi inasema walitembea kwa vizazi vingi hadi kufika Nyambene. Wajukuu wao wameahidiwa barabara na reli ya kuwarudisha huko kwa muda wa siku moja.

KALAMU NA SARUJI

Wazo la kujenga bandari ya pili Kenya si geni. Lilizungumzwa tangu miaka ya 1970, likawekwa kabatini, likatolewa vumbi na kurudishwa. Lilipata uhai liliposhikanishwa na Ruwaza ya 2030. Kampuni ya washauri kutoka Japani ilipewa kazi ya kuchunguza na kuchora. Mnamo Machi 2, 2012, Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi huko Lamu akiwa pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Mwaka uliofuata ikaundwa mamlaka ya kusimamia ukanda huo, na jina LAPSSET likaingia katika vinywa vya watu.

Jina hilo refu linasimamia bandari ya Lamu na njia za uchukuzi za kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia. Mpango wa awali ulitaja gati 32, yaani vituo 32 vya kuegeshea meli. Ulitaja pia reli, barabara kuu, bomba la mafuta, viwanja vya ndege na miji ya kitalii. Gharama yote ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 20. Na katikati ya michoro yote hiyo, mahali njia ya kutoka Lamu inapogawanyika, moja ikienda Ethiopia na nyingine Sudan Kusini, kuna mji mmoja: Isiolo, jirani wa Muthara.

Wachoraji waliweka njia yenye upana wa mita 500 ya kupitishia barabara, reli na bomba. Kisha wakaweka kilomita 50 kila upande kuwa ukanda wa uchumi, wa viwanda, maghala na mashamba ya biashara. Muthara haifiki kilomita 50 kutoka Isiolo. Kwa kalamu ya mpangaji, basi, soko hili limo ndani ya bandari ya Lamu, ingawa hakuna aliyekuja kuwaambia wauzaji wa ndizi.

PESA ZILIANZIA WAPI?

Hapa ndipo penye funzo. Serikali yoyote inayotaka kujenga bandari ina njia chache za kupata fedha. Inaweza kukopa kwa nchi rafiki, kama Kenya ilivyokopa Japani kujenga kituo cha pili cha makasha huko Mombasa, ambacho sehemu yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 2016. Inaweza kumwita mwekezaji binafsi ajenge na kujilipa kwa miaka mingi. Au inaweza kuchota katika hazina yake yenyewe, yaani kodi ya mwananchi.

Gati tatu za kwanza za Lamu zilijengwa kwa njia hiyo ya tatu. Kampuni ya China Communications Construction Company ilipewa kandarasi ya takribani Sh48 bilioni. Gati nyingine 29, tuliambiwa, zingejengwa na wawekezaji binafsi wakishaona biashara imeshamiri. Kwa hivyo mama anayenunua sabuni na kiberiti sokoni Muthara, na kulipa kodi iliyofichwa ndani ya bei, alichangia saruji ya Kililana. Ni bandari yake pia.

Kazi yenyewe ilifanywa vizuri. Kila gati ina urefu wa mita 400, na mlango wa meli umechimbwa kufikia kina cha mita 17.5, kina kinachoweza kupokea meli kubwa mno. Mnamo Mei 20, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua gati ya kwanza.

Lakini bandari haitiliwi uhai na maji. Inatiwa uhai na kilicho nyuma yake. Tazama ilivyokuwa Mombasa. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896 na ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Kwa miaka mingi baada ya hapo, meli kubwa zilitia nanga Kilindini na shehena ikashushwa kwa matishali. Gati za kwanza za maji ya kina zilikuja mwaka 1926. Yaani njia ya bara ilitangulia, pamba na kahawa zikaijaza, halafu gati zikajengwa kwa sababu mzigo ulikuwa tayari unagonga mlango. Sisemi wakoloni walikuwa na nia njema, maana waliyajenga yote kwa faida yao na kwa jasho la wengine. Nasema walijua ng'ombe hutangulia mkokoteni.

Lamu ilifuata njia ya kinyume. Gati zilikuwa tayari wakati reli ya kwenda Isiolo, takribani kilomita 530, ingali mstari juu ya karatasi. Barabara ya Lamu, Witu na Garsen ilitiwa lami, lakini ile ya kupanda Garissa na kuendelea hadi Isiolo ilikwenda kwa vipande vipande, na wajenzi wake upande wa Lamu walishambuliwa zaidi ya mara moja. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo uliopitia Lamu katika miaka ya mwanzo ulikuwa wa kuhamishwa kutoka meli hadi meli. Unashushwa, unapumzika, unapandishwa tena na kwenda zake bandari nyingine, bila kuiona Garissa, sembuse Isiolo.

Majirani nao hawakungoja. Sudan Kusini iliingia vitani yenyewe kwa yenyewe Desemba 2013. Ethiopia ilizindua reli yake mpya ya Djibouti mwaka 2016. Mwaka huo huo Uganda iliamua bomba lake la mafuta lipitie Tanga. Hata mafuta yetu wenyewe ya Turkana, shehena ya kwanza iliposafirishwa ng'ambo Agosti 2019, yalibebwa kwa malori hadi Mombasa. Lamu ilibaki ikitazama.

ISIOLO YAPATA, MUTHARA YASUBIRI

Haitakuwa haki kusema hakuna kilichofanyika. Barabara ya kutoka Isiolo kwenda Moyale, ambayo zamani ilikuwa adhabu kwa dereva na gari, sasa ni lami hadi mpakani. Aliyewahi kusafiri juu ya lori la ng'ombe katika njia hiyo anajua hiyo si zawadi ndogo. Na kuna uwanja wa ndege wa Isiolo, uliofunguliwa mwaka 2017.

Uwanja huo uliwapa wakulima wa Nyambene matumaini makubwa. Tulisema miraa haisubiri meli. Mwenye miraa anahitaji ndege, na ndege sasa iko jirani! Kumbe njia ya kurukia ina urefu wa takribani kilomita 1.4, isiyotosha ndege kubwa za mizigo. Magari ya miraa yakaendelea kukimbia usiku kucha kwenda Nairobi, na uwanja ukabaki na safari chache za abiria.

Kwa hiyo tukubaliane: bandari ya Lamu haitamwokoa mkulima wa miraa, na yeyote anayemwambia hivyo anamdanganya. Lakini mkulima huyo amejifunza kwa machungu hatari ya kutegemea zao moja na soko la wengine. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014. Somalia ikafunga mlango wake Machi 2020 na kuufungua tena Julai 2022. Kila mlango ulipofungwa, karo za shule zilichelewa Nyambene nzima.

Yapo mazao ambayo meli huyangoja. Majani chai ya Nyambene, yanayosindikwa katika viwanda kama Michimikuru na Kiegoi, hufika kwenye mnada wa Mombasa na kupakiwa melini. Parachichi huvuka bahari ndani ya makasha ya baridi. Mbaazi, pojo, maharagwe, nyama na ngozi za ng'ombe wa Isiolo, vyote hivyo vinaweza kusafiri polepole na kwa bei nafuu. Kwa mkulima wa parachichi, gati ya mita 17.5 bila barabara na bila ghala la baridi karibu na Isiolo ni sawa na kisima kirefu kisicho na kamba. Kichinjio cha Isiolo, kilichokusudiwa kuuza nyama nje, kilianza kujengwa miaka ya 2000 na kikakawia mno. Hata hivyo, ni vitu vya namna hiyo vinavyoifanya bandari kufika bara: kichinjio, ghala, mizani, kilomita 20 za lami kutoka shambani. Havipigiwi ngoma wala havialiki marais watatu.

ARDHI NDIYO YA KWANZA KUSAFIRI

Kilichofika Tigania kabla ya barabara ni uvumi. Iliposemekana reli inapita hapa na mji wa kitalii unajengwa pale, wanunuzi walianza kuzunguka, na mipaka ambayo watu walikuwa wakiishi nayo bila kuipima ikawa jambo la kufa na kupona. Uwanja wa ndege wenyewe umekaa juu ya mpaka, sehemu Isiolo na sehemu Meru, na kaunti hizo mbili hazijaacha kuvutana. Mahali ambapo familia nyingi hazina hati za kumiliki ardhi, kijiti cha mpimaji kinaweza kuwasha moto ambao wazee wa pande zote watashindwa kuuzima.

Watu wa Muthara wangefaidika kusikiliza yaliyowapata wenzao wa Lamu. Wenye mashamba Kililana walikubaliwa kulipwa Sh1.5 milioni kwa ekari, nao walisubiri miaka kadhaa kabla ya kuziona fedha hizo. Wavuvi waliopoteza maeneo yao ya kuvulia hawakufikiriwa kabisa hapo mwanzo, maana bahari haina hati. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu mjini Malindi iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, pamoja na haki ya kupewa habari na kushirikishwa, na ikaamuru takribani wavuvi 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni. Hata baada ya ushindi huo malipo yaliwachelewa. Lakini walishinda, na walishinda kwa sababu walikuwa wamejiunga, wameandika majina yao, na walijua walichokuwa wakikidai.

Katiba ya 2010 iko wazi. Serikali ikichukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, ni lazima imlipe fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa. Lakini fidia humfuata mwenye ushahidi. Anayemiliki kwa mdomo hulipwa kwa mdomo. Kwa hivyo mwenye shamba katika ukanda huu na akamilishe habari za urithi wa babake kabla ndugu hawajagombana, ahakikishe jina lake liko kwenye daftari la ardhi, asitie kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, na asiuze kwa bei ya uvumi.

UKIFIKA HUKO

Msomaji anayependa kuiona Muthara kwa macho yake na aende katika miezi ya ukavu, njia za vijijini zikiwa hazijageuka tope. Avae koti jepesi kwa ajili ya asubuhi, na aamkie kwa "Muga!" atapojibiwa kwa uchangamfu. Akiketi na wazee, awaombe wamsimulie Mbwaa, wala asiwe na haraka, kwa maana hadithi hiyo haina njia ya mkato. Apige picha za watu baada ya kuomba ruhusa.

Kisha, akipata nafasi, ahudhurie mojawapo ya vikao vya umma ambavyo kaunti na serikali kuu hutakiwa kuvifanya kabla ya kupitisha bajeti. Mara nyingi vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache na kumalizika mapema. Humo ndimo inapoamuliwa barabara ipi itapata lami na ghala lipi litajengwa. Swali la kuuliza humo ni fupi: kati ya mabilioni yaliyotengewa ukanda wa Lamu mwaka huu, ni shilingi ngapi zitatumika upande huu wa Garissa, katika kazi gani, na zitakwisha lini? Afisa anayejua kazi yake atakuwa na jibu. Asipokuwa nalo, wananchi na wabaki vitini mpaka alilete.